Mgonjwa Yupo

"Ameshakosa mara mbili," dada wa mapokezi alisema, macho yake hayajatoka kwenye kompyuta. "Akikosa ya tatu mfumo unamtoa. Simtoi mimi, dada yangu. Ni mfumo."

"Hakukosa," Dobi alijibu. "Alikuwa kwenu. Siku ileile, saa ileile, alikuwa kwenye kituo chenu kingine ananyooshwa mguu."

"Hicho ni kituo kingine."

"Ni chenu! Kibao kilekile, rangi ileile, hata kalamu mnazofunga kwa kamba ni zilezile."

"Ni chetu, ila ni kingine." Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Sisi huku ratiba yao hatuioni. Wewe mwenye mgonjwa ndiye unatakiwa uangalie zisigongane."

"Niangalie wapi, na nyie wenyewe hamzioni?"

Nyuma yake foleni ilianza kukohoa, kikohozi cha watu wasioumwa kifua. Dobi alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya kufua mashuka ya hoteli. Mikono yake bado ilinuka sabuni, na alikuwa na hakika kwamba foleni nzima inainusa. Mama yake alikaa kwenye benchi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, akitazama tangazo la ukutani lililosema kwamba hapa mgonjwa ni mfalme.

Mtaani kwao mama huyu aliitwa Mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na hakukuwa na fundi, askari wala mlevi wa mtaa ule ambaye hakuwahi kushikwa mkono naye akielekezwa namna ya kuandika herufi. Kisha asubuhi moja kiharusi kilimwangusha jikoni, kikamlegeza mkono na mguu wa kulia, kikaondoka na maneno. Akili hakikuigusa. Alielewa kila kitu, na watu wakaanza kuongea mbele yake kana kwamba hayupo. Huo ndio ukatili ambao hakuna daktari aliyeuandika popote.

Mguu wake ulishughulikiwa kwenye kituo cha ng'ambo ya mji, nyuma ya magereji. Mdomo ulishughulikiwa hapa, karibu na mzunguko wa barabara. Siku za katikati alipigiwa simu ya video akafanyishwa mazoezi kupitia kioo. Kila sehemu ilikuwa na ratiba yake na watu wake, na waliopanga ratiba hizo hawakuwahi kufikiria kwamba mguu na mdomo husafiri na basi moja.

Na tiba ilikuwa inasaidia, hilo ndilo lililomtia Dobi kiwewe. Mtaalamu wa usemi, binti mmoja mwenye subira ya ajabu, alikuwa amefika na Mwalimu mpaka kwenye "ma". Alimwonyesha picha ya glasi ya maji, akangoja, na baada ya miezi ya kuhangaika Mwalimu akaanza kutoa nusu ya neno. "Asikatishwe sasa," binti huyo alimwambia Dobi. "Akikatishwa, hata hii nusu itapotea. Na akishatolewa, nafasi ya kurudi ni mwakani."

Siku hiyohiyo Mwalimu aligonga kidole kwenye mguu wa meza, akatamka "Lo!" safi kabisa. Dobi aliruka kwa furaha. Binti akamtuliza. Alieleza kwamba kuna maneno hutoka yenyewe: ya hasira, ya kushtuka, yale mtu aliyoyasema maisha yake yote mpaka yakajitengenezea njia. "Hayo hatuyahesabu," alisema. "Tunahesabu lile analolitafuta mwenyewe akalipata."

"Basi nikuwekee ya simu," dada wa mapokezi alisema sasa, akitaka foleni isogee. "Jumatano, saa nne asubuhi. Mtapigiwa hukohuko nyumbani, msihangaike na mabasi. Lakini asipopatikana hiyo, tusilaumiane."

"Namba mnayo?"

"Namba ipo."

Dobi aliridhika. Mwezi uliopita alikwenda mwenyewe kule kwenye kituo cha mguu akawaambia wafute namba ya wifi yake, waandike ya kwake. Walifuta, aliona kwa macho yake. Kwamba huku kwenye mdomo namba ya zamani ilikuwa imekaa pale pale haikumjia akilini, kwa sababu yeye bado aliamini mama yake ni mgonjwa mmoja.

*

Namba ya zamani ilikuwa ya Msusi, mke wa kaka yake. Ndiye aliyemkuta Mwalimu sakafuni, akambeba mgongoni mpaka barabarani akiwa na kandambili moja mguuni, akamfikisha hospitali. Walipouliza namba ya ndugu, alitaja ya kwake. Dobi hakuwahi kumsamehe kwa hilo. Angemsamehe kama angezembea.

Mwalimu aliishi kwa mwanawe wa kiume, Dereva, aliyeendesha lori la maji. Msusi alisuka wateja kwenye chumba cha mbele, akamwosha mama mkwe wake kwenye chumba cha nyuma, na kati ya vyumba hivyo viwili alijiona anazeeka. Kila Jumanne jioni Dobi alikuja kumchukua mama yake akalale kwake, kwa sababu chumba alichopanga kilikuwa karibu na kituo cha mguu, ambako miadi ilikuwa Jumatano alasiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao. Desturi yao nyingine ilikuwa kutosemeshana.

Jumanne hiyo Msusi alikuwa anafunga begi, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake.

"Mama," alimwambia Mwalimu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "mwambie huyo mwanao kwamba wiki iliyopita gauni la bluu lilirudi bila kifungo."

Dobi alisimama kizingitini, hajakaribishwa. "Mama, mwambie mke wa mwanao kwamba kifungo kilitoka hapahapa kwake. Kama anataka, nitamnunulia boksi zima."

"Mama, mwambie hatuna shida ya vifungo hapa. Mwambie tuna shida ya watu wanaokuja mara moja kwa wiki kukagua."

"Mwambie nakagua kwa sababu nina cha kukagua."

Mwalimu alikaa katikati yao kitandani, akipokea maneno kutoka kulia na kushoto, yeye ambaye katika nyumba ile ndiye peke yake asiyeweza kumwambia mtu chochote. Dereva alikuwa uani anasafisha viatu ambavyo vilikuwa safi. Kwa ugomvi wa aina yoyote alikuwa na jibu moja, "tutaona", na hakuwahi kuona kitu.

Dobi hakusema lolote kuhusu Jumatano. Kumwambia wifi yake kungekuwa kama kumwomba ruhusa, na yeye haombi ruhusa ya mama yake mzazi. Alimwinua Mwalimu, akatundika begi begani, wakatoka.

*

Jumatano asubuhi Dobi alimpigia msimamizi wake wa kazi akamwambia tumbo limemchafuka. Msimamizi akamuuliza, mbele ya wasichana wote kwa sababu simu yake huwa ameifungulia sauti, kama tumbo hilo limechafuka kwa kula au kwa kupata mimba. Wasichana wakacheka. Dobi alicheka pia, akakata simu, akabaki ameuma meno.

Alimvalisha mama yake gauni lenye kola, akampaka mafuta usoni, akamkalisha kitandani mgongo ukiwa umeegemezwa kwa mito. Simu aliisimamisha kwenye kiti, imeegemea kikombe, kimo cha uso. Alinunua bando ya kutosha siku nzima ili isije ikakatika katikati. Kisha wakangoja, wote wawili wakiitazama simu kama wageni wanaosubiri mwenye nyumba aamke.

"Wakikusalimia, mama, jitahidi na ile 'ma' yetu," Dobi alisema. "Usiogope. Hata ikitoka nusu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anajizoeza kimyakimya. Midomo ilikuwa inakutana na kuachana. Saa nne ikapita. Mpangaji wa ghorofa ya juu alivuta kiti sakafuni. Dobi alipopiga mapokezi alipigiwa muziki, na sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba simu yake ni ya thamani sana kwao.

Saa ileile, ng'ambo ya mji, simu ya Msusi ililia kwenye kimeza cha mafuta ya nywele. Mikono yake ilikuwa kwenye kichwa cha Mama Mapazia, mjane mnene mchangamfu aliyeuza vitambaa vya mapazia sokoni na aliyejua habari za mtaa mzima kabla ya wenyewe. Msusi alibonyeza kwa kidole kidogo.

"Habari, ni kliniki, huduma ya simu," sauti ya kijana ilisema. "Ni miadi ya mazoezi ya usemi. Hii ni ya tatu, asipopatikana tunafunga faili. Mgonjwa yupo?"

"Yupo," Msusi alisema.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Mwaka mzima kila aliyeuliza kama mgonjwa yupo, yeye ndiye aliyejibu yupo, na alikuwepo. Ni leo tu hakuwepo. Msusi alifungua kinywa alirudishe neno lake, aseme mgonjwa yuko kwa wifi, mpigieni yeye. Lakini namba ya wifi alikuwa ameifuta kwenye simu yake jana, baada ya ugomvi wa kifungo, na kukiri hilo kwa kijana asiyemjua kulimtia aibu kuliko uongo. Kisha akafikiria Dobi akisikia kwamba simu iliita mikononi mwa wifi yake, na faili likafungwa. Mtaa mzima ungeambiwa kwamba Msusi amemfungia mama mkwe mdomo.

"Nawaunganisha na mtaalamu, fungueni kamera," kijana alisema.

"Mama," Msusi alimnong'oneza Mama Mapazia, "nisitiri. Nikikugeuzia simu, tazama tu. Usiseme neno. Wewe ni mgonjwa, huwezi kuongea."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa kutoongea! Nyamaza tu, nakuomba, kichwa hiki nakusuka bure."

Mama Mapazia alikuwa mtu mwema na alipenda kusaidia. Alivuta kitambaa kikafunika upande wa kichwa uliokuwa haujasukwa, akalegeza shavu moja kwa ufundi wake mwenyewe, akaikabili kamera. Alikuwa tayari kabisa kunyamaza. Kwenye kioo akatokea mwanamume kijana mwenye miwani, mtaalamu mgeni aliyekuwa anashika zamu ya mwenzake, na ambaye hakuwahi kumwona Mwalimu hata siku moja.

"Shikamoo, mama," mtaalamu alisema.

"Marahaba, mwanangu!" Mama Mapazia aliitikia. "Hujambo? Wazima huko?"

Msusi alifumba macho. Mama Mapazia naye aliziba mdomo kwa kiganja, lakini tangu alipozaa mtoto wa kwanza hakuwahi kuiacha shikamoo hewani bila kuipokea, na angeanzia wapi leo?

"Sisi wazima, mama," mtaalamu alisema kwa furaha, akiandika. "Unaongea vizuri kabisa! Unajisikiaje sasa?"

Mama Mapazia alimtupia Msusi jicho la kuomba radhi. Alikuwa ameshaharibu, na kukaa kimya baada ya kuongea kungekuwa kumdharau yule mtoto wa watu. "Nashukuru, baba. Ni hiki kiuno tu. Na biashara, si unajua, vitambaa vya mapazia vimepanda bei, hakuna anayenunua." Aliongea naye kwa muda mrefu. Aliagana naye kwa kumwombea mke mwema.

Simu ilipokatika, Msusi aliendelea kusuka. Alisuka kwa nguvu mpaka Mama Mapazia akalia "aa, taratibu!"

"Lakini hawakufunga faili kwa kukosa," mjane alisema baadaye, akijaribu kuokoa kitu. "Hukukosa."

"Sikukosa," Msusi alisema.

*

Wiki iliyofuata Dobi alifika mapokezi na mama yake, amejiandaa kupigana kwa sababu hawakupiga simu. Hakupata wa kupigana naye. Dada wa mapokezi alitabasamu, mara ya kwanza tangu wajuane.

"Mama amemaliza! Hongereni. Tathmini ya simu imeonyesha anaongea kwa ufasaha. Nafasi yake tumeshampa mwingine."

"Anaongea nani?"

"Mgonjwa wako."

Dobi aligeuka akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye. Aliomba kumwona yule binti mtaalamu, akaambiwa amehamishwa. Aliomba kumwona msimamizi wa ratiba, akaambiwa aje kesho kutwa, na aje na ndugu anayeishi na mgonjwa. Alilia ndani ya basi, hakujificha, na kondakta hakumdai nauli mpaka mwisho wa safari.

Jioni aliingia chumba cha kusukia bila kubisha. Wateja wawili walikuwa vitini na wa tatu anasubiri.

"Mama, mwambie mke wa mwanao," alianza, kisha akaona mama yake amemwacha kwa jirani, hana wa kumpitishia. Ikabidi amwangalie wifi yake usoni. "Wifi. Kliniki ilikupigia?"

Msusi aliendelea kugawa nywele kwa kitana. "Kliniki inapiga kila siku."

"Jumatano."

"Labda. Nilikuwa na mteja." Hakudanganya, na hilo lilimpa nguvu. "Kwani Jumatano mama hakuwa kwako? Kama kulikuwa na miadi, nani aliniambia? Mimi naambiwaga nini humu ndani zaidi ya mashuka ya kufua?"

"Kufua nafua mimi! Kufua ndiyo kazi yangu!"

"Basi rudi kwako ukafue, uniachie wateja wangu."

Dereva alirudi akakuta wateja wamekwisha kuondoka, mmoja akiwa amesukwa nusu ya kichwa. Aliambiwa na huyu, akaambiwa na yule. Alisema tutaona. Kisha, kwa sababu mama yake, aliyekwisha kurudishwa kutoka kwa jirani, alikuwa ameketi mlangoni anamtazama bila kupepesa, akasema ataomba ruhusa kazini, watakwenda wote.

Usiku ule mkewe alikuwa na nafasi ya kumweleza. Walilala mgongo kwa mgongo, na mara mbili alivuta pumzi ya mtu anayetaka kuanza. Alijua akisema sasa, kesho kutwa wataingia mle ofisini wanajua la kujitetea. Alijua pia kwamba Dereva hawezi kumficha dada yake jambo hata kwa siku moja. Alivuta shuka mpaka masikioni.

*

Msimamizi wa ratiba alikuwa mtu wa adabu, mwenye shati lililopigwa pasi na chumba chenye viti vitatu. Walikuwa wanne. Dereva alisimama ukutani. Msusi na Dobi walikaa pembeni, Mwalimu katikati.

"Tusipoteze muda," msimamizi alisema. "Faili linasema huyu mama anaongea. Nyie mnasema haongei. Mimi nitamsikiliza mwenyewe." Akainama mbele, akamtazama Mwalimu kwa heshima. "Shikamoo, mama."

Maelfu ya watoto walimwamkia mwanamke huyu, asubuhi baada ya asubuhi, wamesimama mistari, sauti nyembamba zikipanda pamoja, na yeye aliwaitikia wote. Alijua jibu. Lilikuwa limekaa pale, analiona. Alikusanya midomo, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ma," alisema. "Ma. Ma..."

Msimamizi alingoja. Dobi alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Msusi alitazama sakafu. Jasho lilitoka kwenye paji la uso la Mwalimu, likashuka mpaka kwenye nyusi, na neno halikuja.

"Basi, mama, inatosha," msimamizi alisema taratibu, na aliona haya. Alijivutia kompyuta. "Nimejionea. Hili ni kosa letu la kuingiza taarifa. Nitamrudisha leo hii, na ratiba ya mguu na ya mdomo nitazipanga mimi mwenyewe zisigongane."

Dereva alishusha mabega. Dobi alianza kusema asante, asante sana, baba. Kama wangeinuka wakati ule wakatoka, hadithi hii isingekuwepo.

"Naandika tu sababu." Alisoma kwenye kioo, paji la uso likakunjamana. "Kwa sababu hapa mtaalamu ameandika mambo ya ajabu. Mgonjwa aliitikia salamu, akalalamikia kiuno, na kupanda kwa bei ya vitambaa vya mapazia. Sijui walimpigia nani."

"Mapazia?" Dobi alisema.

Katika mtaa wao alikuwepo mtu mmoja tu wa kulalamikia bei ya mapazia. Dobi aligeuka pamoja na kiti chake.

"Ulimweka Mama Mapazia mbele ya simu ya mama yangu?"

"Nilimwambia anyamaze!" Msusi alilipuka, na machozi yakamtoka palepale, kwa sababu alikuwa ameyazuia wiki nzima. "Aliamkiwa, angefanyaje? Na wewe ungefanyaje? Ulimficha mama kwako, simu ikaja kwangu, faili linafungwa!"

"Nimfiche mama yangu?"

"Wako Jumanne na Jumatano! Siku nyingine ni wa nani? Nani anamwosha? Nani anamgeuza usiku?"

"Hakuna aliyekutuma!"

"Ulinituma wewe, kwa kutokuja!"

"Jamani," Dereva alisema. "Jamani, tuta..."

"Nawaomba mtulie, hii ni ofisi," msimamizi alisema, lakini walikuwa wamekwisha kusimama, vidole vimefika usoni, wakigombana juu ya kichwa cha Mwalimu: kifungo, kandambili, namba, hospitali, nani alikuwa wapi asubuhi ile jikoni. Mwalimu alimtazama huyu, akamtazama yule. Mkono wake mzima uliinua fimbo ukaigonga sakafuni.

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya darasa la kwanza, ya watoto wengi kuliko madawati. Kule nje kwenye korido watu waliacha kuongea. Wanawake wawili walikaa, kama waliokamatwa wakichezea chaki. Hata msimamizi alikuwa ameondoa mikono juu ya kompyuta, akaiweka magotini.

Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Kumbe."

"Hapana," Dobi alisema haraka. "Hilo halihesabiwi. Yule binti alinieleza, yapo maneno ya hasira yanatoka yenyewe. Alikuwa mwalimu, amelisema hilo neno maisha yake yote. Halitafuti, linamtoka tu! Muulizeni maji. Mwonyesheni picha ya maji!"

"Dada. Kwanza mlinipa kwa simu mgonjwa asiye mgonjwa. Leo mmemleta mwenyewe, kashindwa salamu, nikawaamini. Sasa katamka neno zima mbele yangu, tena kwa amri, mnaniambia halihesabiwi. Mimi niamini lipi?"

"Mpigieni yule binti. Yeye anajua."

"Amehamia kituo kingine."

"Si chenu?"

"Ni chetu, ila ni kingine." Alikuwa anaandika. Hakuandika kwa hasira. Aliandika kama mtu aliyechoka kudanganywa. "Jambo la kuweka mtu mwingine kwenye kamera ningeweza kulipeleka mbali. Silipeleki, kwa heshima ya huyu mama. Leteni maombi mapya mwakani."

*

Nje kulikuwa na benchi la zege chini ya ukuta. Walimkalisha Mwalimu hapo apumzike kabla ya basi, wakakaa naye, mmoja kulia na mmoja kushoto. Dereva alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama," alisema. "Sema tena. Hata lile lile."

Mwalimu alijua alichokifanya. Ndani ya nyumba yao hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye. Alikuwa na neno la kuwaambia watoto hawa, si la amri, jingine kabisa, la wote watatu, na Msusi akiwemo. Alilitafuta. Midomo ilikutana ikaachana. Uso wote ukafanya kazi, upande mzima ukiuvuta upande mfu, na kilichotoka kilikuwa mate, yakateleza pembeni ya mdomo mpaka kidevuni.

Dobi alichomoa leso. Msusi alichomoa ya kwake. Mikono yao ilifika pamoja, ikagusana chini ya kidevu cha mama, na wote wawili wakairudisha haraka kama waliogusa moto, kila mmoja akiangalia upande wake wa barabara. Mate yakadondoka kwenye kola ya gauni.

Mwalimu alingoja kidogo. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye benchi, akainua mkono wake wa kushoto, akajifuta mwenyewe.